Mtaji usiuzwe kabla ya hukumu

Mwanamke anayeuza vitenge Koboko akipata habari kwamba mumewe amekamatwa njia ya Oraba na mzigo usiolipiwa ushuru, mara nyingi hakimbilii kwa wakili. Anafunga kibanda, kisha anatafuta mnunuzi. Kufikia siku mume anaposimama mbele ya hakimu kusubiri adhabu, majora ya vitenge yamekwenda kwa bei ya kutupa, cherehani imewekwa rehani, na fedha zimeishia mikononi mwa mtu ambaye si wakili wala karani wa mahakama, ila “anajuana na wakubwa”. Adhabu inatoka vilevile. Kilichobadilika ni kwamba nyumba sasa ina mfungwa na haina mtaji.

Wafanyabiashara wa Vurra, Lia, Oraba, Kaya, Aru na Ariwara wanakijua kisa hiki kwa sura nyingi. Leo mzigo ni petroli ya jerikeni, kesho ni sigara, keshokutwa ni vipodozi vya kuchubua ngozi au pombe ya vipakiti ambayo Uganda iliipiga marufuku mwaka 2019. Wanawake nao hukamatwa, na wapo waume wanaobaki na watoto huku mke akiwa rumande. Katika sura zote hizo, kosa linalofanyika nyumbani ni lilelile. Watu hudhani suala la kazi litaanza siku mfungwa atakapotoka. Ukweli ni kwamba kazi ya mtu aliyetiwa hatiani hutafutwa kabla hajahukumiwa, na anayeitafuta ni mwenzi wake, siku ile anapoamua kipi kiuzwe na kipi kisiguswe.

Sababu iko katika soko la ajira lenyewe. Nile Magharibi haina viwanda vingi. Ajira zenye barua na mshahara wa mwezi ziko serikalini, katika shule na hospitali, kwenye kampuni za ulinzi, na katika mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule. Waajiri wa namna hiyo huuliza kuhusu rekodi ya jinai, na wengine hudai cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi kupitia idara ya Interpol. Kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa, mlango huo ni mwembamba. Kinachobaki ni soko, na soko haliombi cheti. Linaomba mtaji, sehemu ya kukaa, na mtu wa kusema, “Huyu namjua.” Vyote vitatu mke anavyo siku mume anapokamatwa. Akiviuza, mume atatoka gerezani akute hana pa kuanzia.

Kwa hiyo inafaa familia ijue sheria inasema nini kabla haijagusa hata jora moja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Uganda kama inavyotumika Kenya na Tanzania, inasema katika kifungu cha 200 kwamba anayepatikana na hatia ya kuwa na mali ya magendo anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya nusu ya thamani ya mali hiyo kama inavyokadiriwa kwa ushuru, au vyote viwili. Mali inaweza kutaifishwa, na chombo kilichoibeba pia. Hapo ndipo dereva wa bodaboda anapoumia mara mbili: pikipiki inakwenda, mkopo wa pikipiki unabaki.

Sheria hiyohiyo ina mlango mwingine ambao hausemwi sana sokoni. Kifungu cha 219 kinampa Kamishna uwezo wa kulimaliza kosa bila kesi, ikiwa mhusika amekiri kwa maandishi na kuomba mwenyewe limalizwe hivyo. Hulipa kiasi kisichozidi faini ambayo mahakama ingemtoza, na akishalipa hashtakiwi tena kwa kosa hilo. Faida yake inapita fedha. Ambaye hakushtakiwa hana hukumu ya hatia, na siku mwajiri atakapomuuliza kama amewahi kuhukumiwa, atajibu hapana bila kusema uongo. Kama kuna kitu cha lazima kuuzwa nyumbani, basi kiuzwe kwa ajili ya malipo ya namna hii, yanayopitia benki kwa namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato, na risiti ibaki mkononi. Tahadhari moja: kukiri kwa maandishi ni jambo zito. Asikiri ambaye hakutenda, na asitie saini usiku karatasi iliyo katika lugha asiyoielewa.

Shauri likishafika mahakamani, kazi ya mwenzi hubadilika. Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza, ilhali wengi wa watu wa mpaka huu huongea Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa, Kinubi, Kilingala au Kiswahili. Katiba, kifungu cha 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo iombwe mapema na kwa sauti, kwa sababu anayeitikia “ndiyo” kwa asichokielewa anaweza kujikuta amekiri kosa. Kwa mfanyabiashara wa Kaya au Ariwara aliyekamatwa upande wa Uganda, mbali na jamaa zake, mkalimani ni msaada wa kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Wakili naye si wa matajiri peke yao. Kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili wa Uganda atoe saa 40 kwa mwaka za huduma ya bure kwa wasio na uwezo, au alipe badala yake. Saa hizo haziji zenyewe hadi kibandani. Lazima mtu aende ofisini kwa mawakili akiwa na jina la mshtakiwa, namba ya kesi na tarehe ya kurudi mahakamani, aulize. Mtu huyo ni mwenzi, au ndugu aliyetumwa naye.

Baada ya hatia kutamkwa na kabla ya adhabu kutolewa, hakimu husikiliza pande zote mbili. Hapo karatasi za mwenzi zina thamani kuliko pesa zake. Mwongozo wa adhabu uliotolewa kwa mahakama za Uganda mwaka 2013 unataja mambo ya kupunguza adhabu, kama vile kutokuwa na kosa la awali, kukiri na kujuta. Lakini hakimu hawezi kuyapima mambo ambayo hakuna aliyemletea. Barua ya mwenyekiti wa LC1, barua ya chama cha wafanyabiashara, leseni ya biashara, risiti za ushuru uliolipwa siku za nyuma, kadi ya kliniki ya mtoto mchanga: hizo zote hukusanywa na mtu aliye nje.

Ipo pia hesabu ya siku. Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka muda ambao mtu ameshikiliwa kabla kesi yake haijaisha uzingatiwe wakati wa kutoa kifungo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Rwabugande, ilisema muda huo uondolewe kwa hesabu kamili. Mke aliyeandika tarehe ya kukamatwa nyuma ya daftari la mauzo anaweza kumwokolea mumewe miezi. Na adhabu isipokubalika, notisi ya rufaa ina siku 14 tu. Familia nyingine huzimaliza siku hizo katika kilio na vikao vya ukoo.

Kuhusu yule mtu anayejuana na wakubwa, yafaa kusema wazi. Dhamana ya polisi hailipiwi. Dhamana ya mahakama ikidai fedha taslimu, fedha hizo huwekwa kwa risiti na hurudishwa masharti yakitimizwa. Faini ina risiti. Kwa hiyo fedha iliyotolewa bila risiti haijafika mahakamani. Anayeipokea hapotezi kitu: adhabu ikiwa nyepesi, atasema ni kazi yake, ikiwa nzito, atasema kiasi kilikuwa kidogo. Na anayetoa hongo naye anaweza kufikishwa kizimbani, watoto wakabaki bila baba na bila mama. Mfanyabiashara ambaye hanunui gunia la mchele bila kulifungua mdomo hapaswi kununua adhabu nyepesi kutoka kwa mtu wa kivulini.

Tatizo ni kwamba mke anayekataa kuuza mtaji huonekana hana huruma. Mawifi watasema anamwacha ndugu yao aoze gerezani ili yeye afanye biashara. Mashemeji watauliza kibanda ni cha nani. Lawama hizo huwavunja wengi kabla hata adhabu haijatoka, na wengi huuza ili tu waonekane wamefanya kitu. Hapo wazee wa ukoo na viongozi wa soko wanatakiwa kusimama naye na kuieleza familia hesabu ilivyo.

Na hesabu yenyewe ni rahisi. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 inamruhusu mfungwa aliyepewa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema. Kifungo cha miezi 12 kinaweza kuwa miezi 8. Katika miezi hiyo 8 nyumba inahitaji unga, maharagwe, karo ya shule mihula miwili au mitatu, na nauli ya kwenda kumwona mfungwa, pamoja na sabuni na sukari ya kumpelekea. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka kibandani. Kibanda kikifa, ziara zinakatika mwezi wa pili, watoto wanarudishwa nyumbani mwezi wa tatu, na mume anatoka akiwa mgeni katika nyumba yenye madeni. Kibanda kikiwa hai, ndicho kinachomtembelea mfungwa.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mwenzi wake wakati huo ana mambo machache ya kufanya bila aibu. Aende kwenye kikundi chake cha akiba au SACCO aombe muda wa marejesho kabla hajachelewa. Amweleze anayemkopesha bidhaa ukweli kabla hajausikia kwa wengine. Apunguze bidhaa, abaki na zile zinazotoka haraka. Aache kabisa kupokea mzigo asioujua asili yake, kwa sababu nyumba yenye kesi moja inaangaliwa, na kesi ya pili itawafunga wote wawili. Ikiwa mumewe anaweza kujifunza useremala au ushonaji ndani ya gereza, amhimize, maana fundi hutafutwa kwa mkono wake.

Kisha huja siku ya kutoka, na swali la siku hiyo ni nani anamngoja langoni. Katika biashara ya magendo anayekamatwa mara nyingi ni mchukuzi. Mwenye mali yuko Ariwara, Arua au mbali zaidi, na jina lake halitokei kwenye hati ya mashtaka. Mchukuzi akitoka hana fedha wala pikipiki, mtu wa kwanza kumpigia simu atakuwa huyohuyo mwenye mali, akiwa na mzigo mpya na ahadi kwamba safari hii njia ni salama. Ana kazi tayari, halipi kwa barua, na haulizi rekodi. Chama cha wafanyabiashara kinachomfungia mlango mtu huyu hakijalinda soko. Kimemrudishia tajiri wa magendo kijana wake.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, na haifai kupuuzwa. Mfanyabiashara anayelipa ushuru Vurra kila wiki ana haki ya kuuliza: kwa nini amsaidie aliyemharibia bei? Mafuta na sigara za magendo huuzwa chini ya bei ya dukani, na anayefuata sheria ndiye anayebaki na bidhaa rafuni. Hata cheti rahisi cha asili, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hakikuwekwa kwa ajili ya sigara zisizojulikana zilikotoka. Aliyevunja sheria amevunja. Lakini adhabu imetolewa na mahakama na imetumikiwa. Anayeongeza adhabu nyingine sokoni, isiyo na mwisho, hapati ushuru wowote kutokana nayo. Anachopata ni mshindani yuleyule wa magendo, akiwa na njaa zaidi.

Wala hakuna anayedai kwamba aliyetoka jana akabidhiwe funguo za stoo leo. Soko lina njia zake za kupima uaminifu. Mtu huanza na kupakia na kushusha, kisha kusimamia meza, kisha kuuza kwa mali ya kukopeshwa kidogo kidogo, mdhamini akiwa mkewe au mwanachama mwenzake. Aliyeiba mali ya wafanyabiashara wenzake atapimwa kwa muda mrefu kuliko aliyekwepa ushuru, na hilo ni haki. Muhimu ni kwamba kipimo kiwe na mwisho unaojulikana.

Serikali yenyewe, kwa maandishi, ni laini kuliko watu wengi wanavyodhani. Fomu namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Uganda humuuliza mwombaji kazi kama amewahi kutiwa hatiani, na papo hapo hueleza kwamba hatia si lazima imzuie kuajiriwa, ila kutoa habari za uongo ni kosa. Somo lake ni moja: asifiche. Katiba nayo, katika kifungu cha 80, inamzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kwa kosa la ukosefu wa uaminifu ndani ya miaka 7 kabla ya uchaguzi. Ikipita miaka 7, kizuizi hicho kinaondoka. Ikiwa mtu anaweza kurudi kutunga sheria baada ya miaka 7, ni kwa hoja gani mwingine azuiwe maisha yake yote kuuza sabuni Koboko au kulinda geti Arua?

Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapohusika moja kwa moja. Sheria ya forodha ni moja, lakini kinachomkuta mtu baada ya hatia hubadilika akivuka mpaka. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 1998, hakimu anaweza kuagiza huduma kwa jamii hata kwa kosa lenye adhabu inayozidi miaka 3, akiona kwamba mhusika anastahili miaka 3 au chini yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inazungumzia makosa ambayo mahakama inaweza kuyatolea kifungo kisichozidi miaka 2, na huduma hiyo haizidi miezi 6 wala saa 8 kwa siku. Kwa kusoma maneno yake, kosa la forodha lenye dari ya miaka 5 linabaki nje, hata kama mzigo ulikuwa jerikeni tatu. Mchukuzi mdogo wa Busia upande wa Kenya anaweza kufagia soko mchana na kulala kwake. Mwenzake wa Koboko atalala gerezani kwa kosa lilelile la sheria ileile. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Mpaka wa Nile Magharibi sasa umezungukwa na wanachama watupu, na wabunge wa Arusha na Kampala wana sababu ya kulitazama jambo hili upya kwa wakosaji wa mara ya kwanza wenye mizigo midogo.

Lakini soko halihitaji kungoja bunge, na watu wa eneo hili hawahitaji kufundishwa maana ya kupokea waliorudi. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, wakihesabiwa hatia kwa sababu ya asili ya mtu mmoja. Waliporudi miaka ya 1980 hawakuwa na ajira, na baadhi ya vijana waliishi kwa kuuza petroli ya Kongo kando ya barabara za Arua, wakaitwa OPEC Boys. Mji mzima ulinunua kwao. Baadaye, kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 na makubaliano ya amani ya Yumbe ya Desemba 2002, wapiganaji wa UNRF II waliweka silaha chini na kurudi vijijini. Waliobeba bunduki walipewa nafasi ya kuanza upya. Itakuwa ajabu aliyebeba jerikeni anyimwe.

Yanayoweza kufanywa mwezi huu ni madogo na hayahitaji mfadhili. Kila chama cha wafanyabiashara wa mpakani kiteue watu wawili wa kumfuata mwenzi wa mwanachama aliyekamatwa hadi polisi na mahakamani, mmoja wao awe mwenye kuelewa Kiingereza. Kiwe na barua ya utambulisho iliyo tayari, yenye ukweli na si sifa za kubuni. Kikundi cha akiba kiandike katika kanuni zake kwamba mwanachama mwenye mwenzi gerezani husogezewa marejesho, na meza yake sokoni haigawiwi mtu mwingine. Na kipange muda, kwa mfano mwaka mmoja wa kazi bila lawama, ambao ukipita, hatia ya mtu haitajwi tena katika mkutano wowote wa chama.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima akute karakana bado ipo. Asubuhi ya siku mume atakapotoka, mke anayeuza vitenge Koboko atakuwa na moja kati ya mambo mawili: meza yenye bidhaa na kiti cha pili pembeni, au sehemu tupu ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Jambo hilo huamuliwa miezi mingi kabla, siku anapofuatwa na mtu wa kivulini akiombwa auze jora la kwanza. Wafanyabiashara wenzake wanapaswa kuwa wamefika kabla ya mtu huyo.